UCHAMBUZI: Elimu jumuishi bado haijaifikia ramani ukutani

MWALIMU wa Jiografia anaposimama mbele ya darasa na kusema, “Tazameni hapa, mto huu unatoka huku na kuingia kule,” huwa amewaacha nje wanafunzi wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni asiyeona, kwani “hapa”, “huku” na “kule” hayamwambii lolote. Wa pili ni kiziwi, ambaye hawezi kuikazia macho ramani na papo hapo kuifuata mikono ya mkalimani.

Kisheria, mlango wa shule uko wazi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kusomea katika taasisi zinazowajumuisha katika jamii, nacho kifungu cha 7 kinaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Mwaka wa 2018, Wizara ya Elimu ilitoa sera iliyotilia mkazo elimu jumuishi. Linalozungumzwa kwa nadra ni yale yanayompata mtoto baada ya kuketi darasani.

Ramani ndiyo kipimo kizuri cha jambo hili. Katika KCSE, swali la ramani ni la lazima kwenye karatasi ya kwanza ya Jiografia. Ni kweli kwamba watahiniwa wasioona huandaliwa karatasi zilizorekebishwa. Lakini karatasi hiyo haiwezi kufidia miaka ya masomo ambayo hayakurekebishwa.

Na si kwamba dawa yake ni ghali. Chukua kiazi, ukikate katikati, kisha nusu moja uilaze na kuikata vipande vyembamba vya mlalo, kimoja baada ya kingine. Kila kipande ukikizungushia uzi uliopakwa gundi juu ya karatasi ngumu, unapata mistari ya kontua ambayo vidole vinaweza kuisoma. Penye mwinamo mkali, nyuzi hukaribiana. Penye mteremko wa pole, huachana. Mchanga waweza kuwa jangwa, na punje za maharagwe zikawa miji. Cha kushangaza ni kwamba hata mwenye macho mazima, ambaye kontua zimemtatiza muhula mzima, huelewa upesi akishika kiazi hicho.

Kwa mwanafunzi kiziwi, tatizo ni jingine. Istilahi nyingi za somo hili hazina ishara zinazojulikana kote nchini, hivyo mwalimu hulazimika kuzitaja kwa vidole, herufi baada ya herufi. Heri aonyeshe kwanza, anyamaze darasa litazame, ndipo aeleze.

Hata hivyo, ulemavu si sababu pekee ya mtoto kutengwa na kitabu. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, lakini kwa miaka mingi somo limeyagawa maeneo kuwa “yenye uwezo mkubwa” na “yenye uwezo mdogo”. Mgawanyo huo una asili yake. Sera ya serikali ya mwaka wa 1965, maarufu kama Waraka Nambari 10, ilipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kule ambako ardhi na mvua zingeleta faida kubwa zaidi. Mtoto wa mfugaji wa Turkana au Wajir anapofundishwa hivyo bila kuelezwa kwamba huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa, hujifunza kuwa kwao ni mahali pasipofaa kitu. Ilhali yeye ndiye ajuaye malisho yalipo wakati wa kiangazi na kisima kipi hakikauki. Hiyo nayo ni jiografia.

Vivyo hivyo kwa Elimu ya Jamii. Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka wa 2017, nao Wapemba wakatambuliwa mwaka wa 2023. Mwalimu wa Kwale anayeendelea kukaririsha “makabila 42” anawaambia baadhi ya watoto walio mbele yake kuwa hawapo.

Muda nao unayoyoma. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na katika sekondari pevu Jiografia ni somo la kuchagua. Kwa wengi, Gredi ya 9 ndiyo itakuwa mara ya mwisho kufundishwa ramani na mwalimu.

Walimu watasema, na wana haki, kwamba darasa lenye watoto zaidi ya 60 halimwachii mtu nafasi ya kukata viazi. Ndiyo maana mzigo huu usiachiwe ari ya mwalimu mmoja mmoja. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) inaweza kuanza kwa kudai kila mwongozo wa mwalimu wa somo hili uwe na kurasa chache zinazoonyesha jinsi ya kutengeneza ramani ya kugusa, na kwamba kila picha kitabuni iambatane na maelezo yanayoweza kusomwa kwa sauti. Wachapishaji wana waandishi wa kuifanya kazi hiyo, na mwalimu wa Lodwar hatahitaji kusubiri kifaa kitoke Nairobi.