Bia za baada ya jogingi nazo ziandikwe

Daktari amesema kilo kumi ziondoke. Presha iko juu, sukari ya asubuhi imeanza kupanda, na mume wa miaka arobaini na ushee amerudi nyumbani na karatasi ya kliniki mfukoni. Wiki hiyohiyo jiko linabadilika. Mke anapunguza mafuta kwenye mboga, nazi inakuwa ya Jumapili tu, chapati zinaondoka kwenye chai ya asubuhi. Watoto wananuna, wanaambiwa wavumilie kwa ajili ya baba. Ugali wa baba sasa unapimwa kwa bakuli.

Miezi mitatu baadaye mizani inasoma kilo 92, palepale ilipoanzia, na maneno yanaanza. Mume anasema mke anamwaga mafuta akiwa peke yake jikoni. Mke anasema kuna mahali baba watoto anakula, na neno "mahali" likishatamkwa chumbani usiku, halichelewi kupata maana nyingine kabisa. Kitambi kisichoshuka kimeleta ugomvi kwenye nyumba nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Mume hali nje. Anakunywa, na kwenye hesabu yake kinywaji si chakula.

Mwili hauhesabu hivyo. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori nne, gramu ya mafuta ina tisa, na gramu ya kilevi ina saba. Maana yake pombe iko karibu zaidi na mafuta ya kula kuliko ugali. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina kalori kama 200. Bakuli la ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga wa mahindi lina kama 360. Kwa hiyo aliyekataa ugali mezani akaenda kunywa bia mbili amekula ugali ule na kuzidisha, na bado ana njaa.

Wapo wanaojitetea kwamba wao hunywa isiyo na sukari. Ni kweli sukari imepungua, lakini kalori nyingi za bia hazitoki kwenye sukari, zinatoka kwenye kilevi chenyewe. Wanaohamia kwenye pombe kali nao wasijipongeze haraka. Tot moja ya mililita 30 ina kalori kama 60, lakini nani anapima tot akiwa sebuleni kwake? Mkono wa mwenye nyumba ni mkarimu, kisha juu yake inamiminwa soda, na chupa ya soda ya mililita 350 peke yake ina kalori zinazokaribia 150. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 ina kama 120, na ukiwa mtamu inapanda zaidi. Kuhusu mbege na ulanzi hakuna namba ya uhakika, kwa sababu kila mpishi ana mkono wake na kila kata ina ujazo wake. La uhakika ni kwamba mbege ina ndizi na ulezi ndani, hivyo mnywaji anakunywa na kula kwa wakati mmoja.

Sasa Jumamosi asubuhi. Kundi la jogingi limetoka alfajiri, fulana za rangi moja, nyimbo na vibwagizo, kilomita tano zimeisha kabla jua halijawa kali. Ni jambo jema sana na lisiachwe. Taabu inaanza pale mbio zinapomalizikia kwenye supu ya makongoro, chapati mbili na bia "za kurudisha maji". Simu imeshamwambia amechoma kalori 600, na yeye amezichukua kama posho ya kutumia siku hiyohiyo.

Tuseme alikimbia kweli bila kutembea. Kwa makadirio ya kawaida mkimbiaji hutumia kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 92 kwa kilomita tano anapata 460. Ndani ya hizo zimo kalori kama 80 au 90 ambazo mwili ungezitumia kwa saa hiyo hata kama angebaki amelala. Zinazobaki kama faida ya mbio hazifiki bia mbili. Na kama nusu ya njia walitembea wakipiga soga, zinapungua tena. Supu na chapati bado hazijaguswa.

Saa za mkononi hazisaidii sana hapa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio ya vifaa saba vya kuvaa mkononi. Vingi vilihesabu mapigo ya moyo vizuri, lakini kwenye kalori vyote vilipotea: kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kwa asilimia 93. Programu za simu nazo zina mtego wake. Mtu akijaza mwanzoni kwamba yeye ni wa mazoezi, kiwango chake cha kula kwa siku kinaongezwa tangu hapo. Akiongeza tena kalori za jogingi kila Jumamosi, amelipwa mara mbili kwa mbio zilezile.

Ndiyo maana kwa anayetaka kupungua ni salama zaidi kuandika anachokula na kunywa, na mazoezi asiyaandike kama mapato. Mazoezi yana kazi yake: yanasaidia presha, sukari, moyo na usingizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, uzito uwe umeshuka au haujashuka. Anayeyageuza kuwa fedha ya kununulia bia ataishia kuyachukia siku bia zikikatazwa.

Pombe ina hila nyingine mbili zisizoonekana kwenye chupa. Ini halina ghala la kilevi, kwa hiyo hukishughulikia kwanza, na kazi ya kuchoma mafuta inawekwa pembeni kwa saa kadhaa. Pia pombe inafungua hamu ya kula na kulegeza msimamo. Aliyeapa asubuhi kutogusa vya kukaanga ndiye anayeagiza chipsi mayai saa nne usiku na mishkaki ya kusindikizia.

Lakini kuna njia ya mkato ambayo isijaribiwe: kuacha chakula cha jioni ili "kuweka nafasi" ya pombe. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, kilevi kwenye tumbo tupu kinaweza kushusha sukari hadi akaanguka, na walio karibu wakadhani amelewa tu. Na ambaye mikono inatetemeka asubuhi asipokunywa asiache kwa ghafla peke yake. Aende hospitali kwanza, kwa kuwa kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuwa hatari kuliko kitambi.

Nyumbani, kosa linalorudiwa ni mke kugeuka askari. Anapekua mifuko akitafuta risiti, anampigia rafiki wa mume, ananusa shati. Mume naye anajifunza kutafuna pipi kabla ya kufika getini. Huko ni kutwanga maji. Kinachofaa ni daftari moja la wote wawili, lililoachwa wazi juu ya friji, kila mmoja akiandika vya kwake bila kuulizwa. Mke aandike soda zake za mchana, juisi ya ukwaju yenye vijiko vinne vya sukari na mvinyo wa kwenye kitchen party. Mume akiona mwenzake hajajificha, na yeye anapata ujasiri.

Bado kuna ugumu wa kukumbuka. Mwanaume akiulizwa amekunywa ngapi, hukumbuka alizolipia. Bia ya ofa haimo, wala ile iliyoletwa timu ilipofunga bao. Dawa yake ni vizibo. Kila chupa inayofunguliwa, kizibo kinaingia mfukoni, na Jumapili usiku mfuko unamwagwa mezani.

Mume aliyekuwa na hakika kwamba hunywa "tano, sita hivi kwa wiki" anaweza kukuta vizibo kumi na viwili: viwili vya Jumatano, vitatu vya Ijumaa, vinne vya baada ya jogingi, vitatu vya mpira wa Jumapili. Hizo ni kalori kama 2,400 kwa wiki, zaidi ya 10,000 kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kubeba kalori 7,700. Mwili si mashine na hautoi majibu kwa usahihi wa kikokotoo, lakini hapo ndipo yalipokwenda mafuta yote ambayo mke aliyapunguza kwenye mchicha. Na kama chupa ni shilingi 2,500, ni shilingi 30,000 kila wiki. Hilo nalo lijadiliwe, ila siku nyingine. Yakichanganywa na mambo ya kitambi siku moja, hakuna litakalosikika.

WHO ilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na mwenye presha ana sababu zaidi ya kuacha kabisa. Asiyeweza leo anaweza kuanza na Jumatano na Jumapili bila kizibo, na baada ya jogingi maji na supu bila chapati. Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya chai, na kiuno kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani. Wiki mbili za kwanza namba inaweza kuchezacheza kwa sababu ya maji mwilini.

Nazi ya katikati ya wiki inaweza kurudi kidogo. Watoto hawakuwa na kosa lolote.