Barua Zilizolala Sandukuni

Wako wasomi wajisifuo kwamba hawafuti barua pepe hata moja. Tangu Gmail ilipokuja mwaka 2004 na ghala la gigabaiti 1, kulimbikiza kumehesabiwa kuwa ni busara. La, huo ni uvivu uliovikwa joho! Kule Mwanza, dagaa waliovuliwa usiku kwa taa huanikwa asubuhi. Achelewaye akakutwa na mvua, alichonacho ni uvundo, si akiba. Basi mwalimu ajivuniaye majalada ishirini yenye majina mazuri, na sura ya tasnifu ya mwanafunzi imelala humo miezi mitatu bila jibu, amepanga nini? Na aijibu leo, kisha afute matangazo, majalada yatangoja.