Kabla ya Kumfukuza, Tujiulize Tulimfundisha Nini



Hebu kumbuka darasa lenu la sita. Kulikuwa na yule kijana wa dawati la nyuma. Hesabu za kichwa hakuna aliyemshinda, maana kila alfajiri alikuwa akimsaidia mamake kuuza mahamri na chenji ilikuwa kazi yake. Akaanza kuchelewa. Akachapwa. Akaanza kukosa Ijumaa, kisha wiki nzima. Asubuhi moja ticha akasoma jina lake kwenye rejista, darasa likacheka: "Huyo yuko maskani, ticha!" Jina likakatwa, mambo yakaendelea.

Leo yuko wapi? Labda ni teja. Labda ameingia genge la mapanga. Labda mamake anazunguka na picha yake kutoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine. Sote tunamjua mmoja wa hivyo, awe wa Kisauni, Likoni, Majengo, Garissa au Lamu.

Kila kisa kikitokea tunasikia wimbo uleule: vijana wameharibika, letheni msako. Sisi nasi tunapiga kelele kuhusu polisi, na ni haki yetu kupiga kelele. Lakini kuna swali tunaliruka. Ile siku ya kwanza aliyochelewa, shule ilikuwa na mpango gani naye?

Tukisema mtaala, wengi wetu tunafikiria vitabu na mtihani. Mtaala ni zaidi ya hapo. Ni ratiba ya siku. Ni kile kinachofanyika mtoto akija na njaa, akija na harufu ya bangi, akikosa wiki mbili kwa sababu babake amekamatwa. Kama shule haina jibu ila kiboko na barua ya kwenda nyumbani, basi hilo ndilo somo analofundishwa: kwamba hapa si pake. Na ukimfunza mtu kila siku kwamba hapa si pake, atatafuta pake. Maskani hawaulizi karo wala sare.

Sasa tusikie sheria inasemaje, maana wengi hatuambiwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kurudishwa darasa au kufukuzwa. Kufukuza kunaruhusiwa tu baada ya njia zote za kumrekebisha kuisha, na baada ya yeye na mzazi wake kusikizwa. Hata hapo hatupwi barabarani, inafaa apelekwe taasisi ya kurekebisha tabia huku akiendelea kusoma. Kifungu cha 36 kinakataza kumpiga na kumtesa kiakili. Isome tena. Halafu jiulize ni wangapi unaowajua waliotolewa shule bila hata mzazi kuitwa.

Kwa hivyo hatuombi hisani hapa. Tunadai kilichoandikwa.

Na msingi wa kujengea tayari upo. Kwenye mtaala wa umilisi, huu wa CBC, kuna kipindi cha malezi, kile cha PPI, na kuna mafunzo ya kuhudumia jamii. Shida ni kwamba shule nyingi kipindi cha malezi huliwa na hesabu, au Waislamu hukusanywa darasa moja wakae kimya mpaka kengele ilie. Tukipewa nafasi ya kuchangia, haya ndiyo ningetaka yaingie:

1. Ratiba ianze na siku ya mtoto alivyo. Watoto wetu wengi huamkia kazi, hutoka shule wakaingia madrasa, wakarudi nyumba ya chumba kimoja. Mwenye ratiba na ustadh wakae meza moja wagawane saa. Mtoto anayechelewa mara tatu atembelewe nyumbani kabla ya kuadhibiwa.

2. Kipindi cha malezi kiwe na kazi. Aje muuguzi wa zahanati aeleze muguka na unga hufanya nini kwenye mwili. Aje mtu aliyeacha unga, aseme bila kupamba. Aje wakili aeleze ufanye nini ukikamatwa. Aje ustadh na mama wa mtaani wajibu maswali ambayo watoto huogopa kuuliza nyumbani. Na wasichana wapate mtu wao wa kuongea naye.

3. Kuwe na ngazi ya kurudi. Mwaka 2020 wizara ilitoa mwongozo wa kuwarudisha shule walioacha, wakiwemo wasichana waliopata mimba. Lakini ukimrudisha kijana aliyekosa mwaka mzima na kumkalisha tu, atatoroka kwa aibu. Anahitaji madarasa ya kumvusha, labda jioni au likizo, na mwalimu mmoja anayejua kisa chake na kukiweka siri.

4. Kazi ya mkono isiwe adhabu. Shule ya upili sasa ina njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Tusikubali zile njia zenye maabara ziwe za shule tajiri, na za kwetu zibaki na chaki. Mtoto wa pwani aliyezaliwa kati ya mafundi wa majahazi, wavuvi na mafundi umeme ana ujuzi tayari. Auone ukihesabiwa.

5. Msimpe jina. Hili ndilo kubwa kwangu. Kuna mipango inayokuja kwetu kwa jina la kuzuia itikadi kali, na darasa la kwanza ni kumwambia mtoto wa Kiislamu kwamba yeye ni hatari inayosubiri kutokea. Msaada ukija na daftari la majina linaloishia kwa polisi, huo si msaada. Mtoto akimwamini ticha siri yake, siri ikaishia kituoni, hatamwamini mtu mwingine tena.

Najua utaniambia nini. Kwanza, "Hawa wataharibu wenzao." Wakiwa wengine wanauza dawa langoni mwa shule, ni kweli lazima wadhibitiwe. Sisemi mwalimu avumilie kisu darasani. Nasema ukimtoa, umpeleke mahali, maana ukimtoa tu, kesho atawangoja wenzake nje ya lango.

Pili, "Pesa hakuna, na walimu wamechoka." Walimu wamechoka kweli, darasa la watoto sabini si mchezo. Ndiyo maana sisemi kila kitu abebeshwe ticha. Misikiti ina kumbi, ina zaka, ina vijana waliomaliza chuo na hawana kazi. Madarasa ya kuvusha ya likizo yanaweza kuanzia hapo, bila kungoja Nairobi.

Sasa zamu yako. Usi-share tu ukalala. Kifungu cha 56 cha hiyo sheria ya elimu kinawapa wazazi na jamii viti sita kwenye bodi ya shule, na baraza la wanafunzi mwakilishi wake. Ulizia kwenye shule uliyosomea: nani amekaa viti vyetu? Mkutano ujao wa wazazi, nenda na mamako, uliza swali moja tu: mwaka jana wangapi waliacha shule, na nani aliwafuata? Vyuo vya ufundi vya vijijini na mitaani viko chini ya kaunti, kwa hivyo kwenye vikao vya bajeti ya kaunti tusijazane tukidai barabara peke yake.

Na wiki hii, mtafute yule wa dawati la nyuma. Usiende na mawaidha. Nenda na chai, kaa naye, muulize ni siku gani hasa shule ilimwachilia. Akikuambia, andika, maana huo ndio ukurasa wa kwanza wa mtaala tunaoutaka.

Wabillahi tawfiq.