Kadi ni ya Tajiri, Gari ni la Dereva



Mwaka jana nilikuwa katika mafunzo ya kichungaji kwenye parokia moja mkoani Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Asubuhi moja baada ya Misa, dereva wa lori alimsubiri Paroko mlangoni. Ombi lake lilikuwa moja tu: gari lake libarikiwe. Lori lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, kichwa na tela lake, turubai limefungwa vizuri, rimu zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Mwamini mmoja aliyekuwa karibu akacheka, akasema, "Gari lenyewe si lako. Mwache tajiri aje abarikishe mali yake."

Dereva hakukasirika. Alijibu kwa upole, "Kadi ni ya tajiri. Gari ni yangu."

Paroko alivaa stola, mimi nikabeba maji ya baraka, tukavuka barabara. Tangu siku hiyo nimesikia wengi, hata mafrateri wenzangu, wakisema kwamba madereva wa malori wameyafanya magari yao kuwa miungu: wanayapa majina, wanayapamba, wanaongea nayo mlimani kama mtu anavyoongea na ng'ombe wake wa kulimia. Naomba kutofautiana nao. Kwa maoni yangu, katika upendo huo kuna somo ambalo sisi tunaojiandaa kwa upadre tunalihitaji sana.

Kwanza, tuelewe gari lile ni nini kwake. Toka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kwa wanaofuata shaba Kongo, Tunduma ni mwanzo tu: kuna Zambia nzima ya kuvuka hadi Kasumbalesa. Mpakani foleni huweza kumshika dereva kwa siku kadhaa. Nyuma ya kiti kuna kitanda chembamba, pembeni kuna jiko na sufuria mbili, kwenye kioo inaning'inia rozari, kwenye dashibodi kuna picha ya watoto. Huyu mtu analala humo usiku mwingi kuliko anaolala kwake. Mapazia ya kabini alinunua kwa pesa yake mwenyewe, na hakuna aliyemrudishia.

Pili, upendo huo ni ujuzi. Nilimuuliza anaushukaje mlima Kitonga akiwa na mzigo. Akaniambia, "Frateri, Kitonga huishuki kwa breki, unaishuka kwa gia. Breki ikipata moto haishiki tena." Kisha akanieleza jinsi anavyogonga tairi moja moja kwa chuma na kusikiliza mlio, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo lina sauti yake. Anaijua injini kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, kama ni cha njaa au cha homa. Dereva asiyelipenda gari lake hasikii hayo yote, na huyo ndiye wa kuogopwa na abiria wa basi linalopanda upande wa pili. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinamhesabu kuwa mwenye haki mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Lori si mnyama, lakini uangalifu ni ule ule, na unaokoa watu.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 10, Yesu anamtofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara, ambaye hukimbia mbwa mwitu anapokuja kwa sababu kondoo si mali yake. Injili ya Mchungaji Mwema husomwa siku tunayoombea miito, na sisi mafrateri huonywa tusije tukawa watu wa mshahara. Sijawahi kusikia mahubiri yanayosema kwamba mtu anaweza kupokea mshahara na asikimbie. Dereva yule ni mtu wa mshahara kabisa. Gari si lake, mzigo si wake, faida si yake. Hata hivyo gari likiharibika porini usiku, hulala nalo.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliligusa jambo hili katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 15. Alifundisha kwamba mfanyakazi hatosheki na ujira peke yake. Anahitaji kujua kwamba hata anapotumia mali inayomilikiwa kwa pamoja, anafanya kazi kama mtu anayefanya kazi yake mwenyewe. Dereva anayesema "gari yangu" anadai hadhi hiyo kwa maneno mawili. Hapa nawageukia waamini wenzangu mnaomiliki magari: upendo huo mnaupata bure, nao huwaokolea matairi na injini. Usiwe sababu ya kumlipa mtu kidogo, au kumweka barabarani bila mkataba, kwa kuwa mnajua hataliacha gari.

Sikatai kwamba kuna hatari. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva. Mojawapo inaonya gari lisiwe chombo cha kuonyesha nguvu na ubabe. Wapo wanaopita magari mengine kwenye kona ili tu wasionekane wa nyuma. Wapo wanaoliosha gari kila kituo huku mtoto nyumbani ana mwezi hajasikia sauti ya baba. Kujivunia kazi ni kitu kimoja, kujivunia ukubwa wa chuma ulichokalia ni kingine. Kipimo chake ni rahisi: tazama mtu anavyoliacha gari.

Dereva yule alinisimulia kuhusu gari lake la kwanza. Aliliendesha miaka sita. Akaugua, akalazwa, na aliporudi alikuta limepewa kijana mwingine. Yeye hakuulizwa wala hakuaga. Siku ya kwenda kuchukua nguo zake kabinini, alimkuta kijana yule yadi. Alisema moyo ulimuuma kama msibani. Kisha akakaa naye karibu saa nzima: gia ya tatu inakataa ikiwa ya baridi, usiilazimishe, tairi la ndani kushoto linapoteza upepo, likague kila unaposimama, kwenye mteremko mrefu usimwamini anayekuhimiza. Akampa funguo, na mapazia akayaacha.

Ndugu zangu mafrateri, siku moja kila mmoja wetu atasema "parokia yangu". Tuseme hivyo, na tumaanishe. Tuijue kila jumuiya kwa mlio wake, tujue tairi lipi linapoteza upepo. Lakini kadi haitakuwa na jina letu. Barua ya uhamisho itakuja, na tutakabidhi. Sote tumesikia makabidhiano ya kununa, ambapo anayeingia anapewa mafaili na funguo, lakini haambiwi mgonjwa yupi hupelekewa Komunyo wala familia ipi imenyamaziana. Ni hivyo hivyo kwa mwenyekiti wa kigango au mweka hazina wa kwaya anayeng'olewa kwenye kiti kama jino.

Na waamini, madereva hawa ni wa kwetu. Katika jumuiya nyingi mahudhurio huandikwa daftarini, na mtu asiyeonekana huitwa Mkristo wa jina. Kabla ya kumwandika hivyo, tuulize yuko wapi. Pengine yuko kwenye foleni Tunduma, akisali rozari iliyoning'inia kwenye kioo. Parokia zilizo kando ya barabara kuu zingeweza kubandika saa za Misa mahali malori yanapoegeshwa, na padre akiombwa kubariki gari, aanze kwa kumuuliza dereva habari zake.

Asubuhi ile, Paroko alipomaliza kunyunyizia maji tela na kichwa, dereva alimwomba asiondoke kwanza. Akafungua mlango wa pili, akamwita utingo wake aliyekuwa bado amelala, akasema, "Padre, na huyu. Ndiye atakayenipokea."