Mtambo Usinyamaze Mvua Inaponyesha

Simu inapokatika wakati wa masika katika wilaya za Ngara na Biharamulo, lawama zote huangukia mvua. Lawama hizo zina haki nusu tu. Mvua huipunguza njia ya mawasiliano. Lakini simu ya mganga wa zahanati yaweza kukatika kwa sababu mitambo miwili iliyo jirani haikuambizana kwamba njia imepungua.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika mipakani, Rusumo na Kabanga, wilayani Ngara. Hata hivyo, katika nchi ya vilima, kuchimba mtaro wa waya hadi kila kijiji ni kazi ya gharama kubwa. Ndiyo maana mawimbi mikro hutumika kupeleka habari kutoka mnara hadi mnara. Wimbi la gigahezi 23 lina urefu wa milimita 13 hivi, na matone ya mvua yenye milimita chache hulifyonza na kulitawanya. Redio za kisasa hukabiliana na hali hiyo kwa kupunguza mzigo. Hewa ikiwa shwari, kila alama inayorushwa yaweza kubeba biti 8. Mvua ikizidi, hubeba biti 2 tu. Njia haifi, ila uwezo wake hubaki takribani robo.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Etheneti ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox, California, kwa ajili ya waya uliomo ndani ya jengo. Waya huo ama ni mzima, ama umekatika. Basi ruta iliyofungwa kwenye redio kwa waya mfupi huendelea kuamini kuwa njia ni nzima. Tuseme kiungo cha megabiti 400 kwa sekunde kimeshuka hadi 100, na ruta bado inapeleka 300. Megabiti 200 za kila sekunde hazina pa kupita. Redio isipopewa utaratibu wa kuchagua, hutupa sauti ya mganga pamoja na filamu ya burudani bila kubagua.

Dawa yake ipo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika mwongozo wake uitwao Y.1731, limeweka ujumbe maalumu ambao redio huupelekea ruta. Ujumbe huo hutaja mambo mawili makuu: uwezo wa kawaida wa kiungo na uwezo uliopo sasa. Ruta ikiupokea, yaweza kupunguza mwendo, kutanguliza simu, au kuhamishia mzigo mwingine kwenye njia tofauti.

Wakazi wa Ngara wanaielewa hekima hiyo. Kabla ya daraja jipya la Rusumo kuzinduliwa mwaka 2016, daraja la zamani lilikuwa la njia moja. Magari yalipishana kwa zamu kwa kuwa kila dereva alijua ufinyu wake. Lau wangeambiwa kuwa daraja ni pana, msongamano ungegeuka maafa.

Wapo watakaosema kwamba mvua hubadilika upesi, na ruta itahangaika kwa kubadili njia kila dakika. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inajibika: mafundi huweza kuiamuru ruta isubiri kwa muda kabla ya kurejea katika hali ya awali. Wengine watasema heri kungojea waya wa mkongo. Mgonjwa wa leo hawezi kungojea mtaro wa kesho; na waya nao hukatwa na majembe ya watengeneza barabara.

Kwa hiyo ni haki kwamba kila mkataba wa kununua mitambo ya vijijini udai mambo mawili: redio iseme ukweli kuhusu uwezo wake, na ruta ifundishwe kuusikiliza. Kimoja bila kingine ni fedha iliyopotea. Wanafunzi wa fizikia wanaosoma habari za mawimbi shuleni ndio watakaoikagua mikataba hiyo kesho. Yafaa wajifunze tangu sasa kuuliza mtambo unasema nini mvua inaponyesha.