Samaki hakumwambia Tony jambo jipya

Watazamaji wengi wa "The Sopranos", mfululizo wa televisheni wa Marekani ulioonyeshwa kuanzia 1999 hadi 2007, hulalamikia ndoto za Tony Soprano. Wanangojea bunduki na pesa, wanaletewa samaki anayesema. Lakini ukizitoa ndoto hizo, Tony anabaki jambazi wa New Jersey kama majambazi wote wa sinema.

Tuchukue ile ya mwaka 2000. Tony amekula chakula kibaya, anatapika, ana homa. Usingizini yuko ufukweni mbele ya meza ya samaki. Samaki mmoja anafungua kinywa, na sauti ni ya Sal, rafiki yake wa miaka mingi: anakiri kwamba anafanya kazi na wapelelezi wa FBI.

Dalili zilikuwepo tangu zamani. Mchana Tony alizikataa kwa sababu alimpenda Sal. Usiku, tumbo likimuuma, hakuwa tena na nguvu ya kuzikataa. Ndoto haikutabiri chochote, ilimwonyesha tu uongo aliokuwa anajiambia mwenyewe.

Hapo wale wa kwetu wanaopeleka kila ndoto kwa mchungaji hata kabla ya kunywa chai wangetazama vizuri. Tony, pamoja na ukatili wake wote, hakumhukumu rafiki kwa ndoto. Alienda kwa Sal, akapanda chumbani, akapekua mpaka akakuta chombo cha kurekodi sauti. Ndipo akamuua, na hilo hakuna wa kulisifu. Jirani anayenyooshewa kidole kambini kwa kuwa fulani alimwota, yeye hapati hata upekuzi huo.

Ndoto kubwa zaidi ni ya mwaka 2006. Tony amepigwa risasi na baba yake mkubwa, amezimia hospitalini. Huko aliko ni mchuuzi mnyofu tu, yuko hotelini mbali na nyumbani, na mkoba alioshika pamoja na vitambulisho ni vya mtu anayeitwa Kevin Finnerty. Hawezi kuthibitisha yeye ni nani, wala hawezi kurudi kwake. Mama aliyekimbia usiku bila kadi ya uchaguzi ataielewa sehemu hii haraka kuliko profesa yeyote.

Mwishoni anafika kwenye nyumba yenye taa. Mtu mwenye sura ya binamu yake, yule aliyemuua mwenyewe, anamkaribisha ndani, lakini kwanza aache mkoba. Tony anaung'ang'ania, na hata si wake. Sauti ya mtoto inamwita, anaamka.

Anakuwa mpole kwa muda. Kisha anampiga mlinzi wake mbele ya vijana wake, wajue bado ana nguvu.