Tarehe Ni ya Kusemwa, Si ya Kuandikwa Tu

Najua wengi wenu mtacheka mkiona nimeshika kalamu kuandika habari ya kusema tarehe kwa Kiingereza. Mtasema, "Hayo ni mambo ya watoto wa darasa la kwanza." Nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka jambo hilo la watoto liliponipotezea mwaka mzima.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Shule ya msingi na miaka ya kwanza ya sekondari nilisoma kwa Kifaransa. Kiingereza tulikipata kwa saa chache tu kila juma, na kazi yetu kubwa ilikuwa kunakili maneno ya ubaoni. Kisha baba akaamua nije Uganda kuendelea na masomo, maana alisema mwenye lugha tatu hakosi mlango wa kupitia. Tukaomba nafasi katika shule moja, nayo ikanikubali. Siku moja karani wa shule hiyo alipiga simu kutuambia siku ya mwisho ya kulipa ada. Kwa kuwa mimi ndiye niliyehesabiwa msomi wa nyumba, simu nilipewa mimi. Nikasikiliza kwa makini, nikajibu "Yes, sir" mara tatu, nikaandika katika daftari: tarehe 30 Januari.

Baba akauza alichouza, akakopa alichokopa kwa baba mdogo, tukavuka Rwanda kwa basi, tukafika shuleni tarehe 25 asubuhi, tukijiona watu wa kuwahi. Karani alitutazama kwa huruma. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 13, na nafasi yangu alikuwa amekwisha kupewa mtoto mwingine. Yeye alisema "thirteenth", mimi nikasikia "thirtieth". Baba hakunigombeza. Alinyamaza tu, tangu pale ofisini mpaka tulipofika nyumbani, na kunyamaza kule sijakusahau hata leo. Mwaka uliofuata ndipo nilipoingia katika shule hii yetu.

Kosa lilikuwa langu, wala simlaumu karani. Walakini nikifikiri naona kosa hilo lilianza zamani, kwa sababu tarehe tulifundishwa kwa macho tu. Madaftari yangu yote yalikuwa na tarehe juu ya kila ukurasa, imeandikwa vizuri, na mwalimu aliniwekea alama ya vema. Lakini katika miaka ile yote hakuna hata siku moja nilipoambiwa nisimame niitamke. Basi, 13 na 30 haziwezi kumdanganya mtu mwenye macho. Kwa Kifaransa haziwezi kumdanganya hata mwenye masikio, maana "treize" na "trente" huachana mapema. Kwa Kiingereza huanza kwa sauti moja, na tofauti kubwa iko mahali pa kukaza: "thirtieth" hukazwa mwanzoni, na "thirteenth" huvutwa na kukazwa mwishoni. Kifaransa hakibadili maana ya neno kwa kukaza silabi hii au ile. Kiswahili nacho, karibu maneno yake yote hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sikio langu, ingawa lilikuwa na lugha mbili, halikuwahi kufundishwa kazi hii.

Si hilo tu. Mfaransa huhesabu siku za mwezi, na Mwingereza huzipanga mstarini. Kwa Kifaransa siku ya kwanza peke yake ndiyo yenye heshima yake: twasema "le premier mai", kisha "le deux mai", "le trois mai", mpaka mwisho wa mwezi. Kiswahili hufanana sana na hapo: twasema tarehe mosi, lakini tarehe tatu, tarehe nne, tarehe ishirini. Mwingereza hakubali hesabu kavu namna hiyo. Kila siku ataipa daraja yake: "the second of May, the third of May". Ndiyo sababu mwenzetu aliyetoka katika Kifaransa husema "the two of May", na darasa zima likaangua kicheko. Mwenzetu huyo si mjinga. Anaifuata sheria ya lugha yake, na hakuna aliyemwambia kwamba amevuka mpaka.

Miaka nayo ina njia yake. Mwaka wa 1960 Mfaransa huutaja wote, elfu na mia zake: "mil neuf cent soixante". Mwingereza huukata vipande viwili, "nineteen sixty", kana kwamba anagawa mkate. Ukifika 1905 husema "nineteen oh five", na sifuri hugeuka kuwa herufi. Tena 2008 wengi husema "two thousand and eight", lakini 2022 husema "twenty twenty-two". Asiyefundishwa hayo atadhani anasikia namba za vyumba.

Nisidhaniwe kwamba nakidharau Kifaransa au kwamba Kiingereza ndicho chenye shida peke yake. Kwetu Bukavu 1994 ni "mil neuf cent nonante-quatre", kama wasemavyo Wabelgiji waliotuletea lugha hiyo. Lakini Mfaransa wa Paris hulazimika kuhesabu ishirini mara nne, kisha aongeze kumi na nne. Kila lugha ina nyumba yake, na mgeni hujikwaa kizingitini. Neno langu ni hili tu, kwamba mgeni aonyeshwe kizingiti kabla hajaanguka.

Wako watakaosema, "Siku hizi tarehe ziko kwenye simu, za nini kuzisema?" Nami nawajibu kwamba hata maandishi si salama. Ukiona 03/04, sisi na Waingereza twasoma tarehe 3 Aprili, na Mmarekani asoma tarehe 4 Machi. Mashaka ya namna hiyo huondolewa na kinywa. Wengine watasema, "Tutachekwa, maana sauti ya 'th' hatuna." Kweli, Kifaransa hakina, nasi tuliosoma kwa Kifaransa huweka "s" au "z" mahali pake. Lakini Kiswahili sanifu kinayo! Anayejua kusema "thelathini" na "thamani" sawasawa, ingawa kwetu wengi hutamka kwa "s", tayari ana mwanzo wa "thirty" kinywani mwake. Mali iko nyumbani, twaenda kuomba kwa jirani.

Na jambo hili halinihusu mimi peke yangu. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo yetu ikafuata mwaka 2022. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha kufundisha kwa Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Wazazi na ndugu wengi waliosoma kwa Kifaransa sasa hupokea kwa Kiingereza habari za ada, za mitihani, za hospitali na za kazi, na katika kila habari ya namna hiyo mna tarehe. Mtu akikosea neno jingine atachekwa. Akikosea tarehe atakuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, kila asubuhi kabla ya somo la kwanza mwanafunzi mmoja asimame aseme kwa sauti siku, tarehe, mwezi na mwaka, na darasa limfuate. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja. La pili, mtu akitajiwa tarehe kwa mdomo, airudie, tena aulize ni siku gani ya juma. Siku ya juma ni mlinzi wa tarehe. Tarehe 13 na tarehe 30 za mwezi mmoja haziwezi kamwe kuangukia siku moja ya juma. Kama ile ni Jumatatu, hii ni Alhamisi. Laiti ningalimwuliza karani swali hilo moja, nisingalipoteza mwaka. La tatu, tunapoandika, mwezi tuuandike kwa jina lake, si kwa namba.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio maofisini na kwenye madawati ya hospitali, mkipigiwa simu na mtu wa Goma au wa Bujumbura, semeni tarehe mara mbili, polepole, pamoja na siku yake. Huenda anayewasikiliza ni mtoto aliyekabidhiwa simu na wazee wake.

Kwa kuanza, tujizoeze kwa siku za uhuru za majirani zetu: Kongo, tarehe 30 Juni 1960, Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, Rwanda na Burundi, tarehe 1 Julai 1962, Uganda, tarehe 9 Oktoba 1962, Kenya, tarehe 12 Desemba 1963. Zisemeni kwa sauti, wala msiziandike. Ya Kenya itawatoa jasho, maana "twelfth" ni neno lenye miiba. Atakayeziweza zote atakuwa amejifunza na historia.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Baba yangu hajui Kiingereza, lakini tangu siku ile, mtu akimtajia tarehe yoyote kwa lugha yoyote, huuliza kwanza, "Hiyo ni siku gani ya juma?" Alijifunza kwa hasara. Sisi tujifunze bure.

Mwanafunzi kutoka Bukavu